Omba Kwanza, Kisha Achia: Mbinu za Kumfuata Yesu Wakati wa Mateso

Ingia wodi yoyote ya hospitali kubwa za Kampala saa za kutembelea wagonjwa, iwe Mulago, Mengo, Nsambya au Lubaga, na hutakaa sana kabla ya kumsikia mgeni akimwambia mgonjwa ajikabidhi kwa Mungu. Nia yake ni njema, ila akishaondoka mgonjwa hubaki na swali: najikabidhi vipi? Wengi hudhani maana yake ni kunyamaza, kujikaza usilie, kuacha kutafuta dawa na kungoja litakalokuja. Wakishindwa kufanya hivyo, wanaanza kujihukumu kwamba imani yao ni haba, na sasa wana maumivu mawili badala ya moja.

Ukisoma habari za Gethsemane katika Mathayo sura ya 26, Marko 14 na Luka 22, utaona kwamba Yesu hakwenda hivyo. Aliwaambia rafiki zake jinsi alivyoumia. Aliomba waziwazi kuepushwa. Alirudia ombi lile lile mara tatu. Na kila mara, akishaomba, alimwachia Baba yake uamuzi. Mpangilio huo ndio darasa letu, na mtu yeyote anaweza kuufuata akiwa kitandani, gerezani, kwenye msiba au katika chumba cha kupanga alichopewa notisi ya kukihama. Hatua zifuatazo zimetolewa humo, na kwa watu wa Kampala waliopita njia hiyo kabla yetu.

1. Pambanua mateso yako

Yesu hakuyapokea mateso yote yaliyomjia. Watu wa Nazareti walipotaka kumsukuma kutoka ukingo wa mlima, alipita katikati yao akaenda zake. Walipookota mawe hekaluni, alijificha akatoka. Alipigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, akamuuliza aliyempiga sababu ya kumpiga. Aliyejitoa msalabani ni mtu ambaye awali alikwisha kukwepa hatari zaidi ya mara moja, na hakuna aliyemwambia kwamba anakosa imani.

Kwa hiyo anza na karatasi. Igawe kwa mstari wa katikati. Upande wa kushoto andika yale yanayoweza kukomeshwa au kupunguzwa bila kutenda dhambi, na mbele ya kila moja andika utakachofanya na siku utakayokifanya. Upande wa kulia andika yale yasiyo mikononi mwako. Kushoto patakuwa na maneno kama "kodi ya miezi miwili: Jumatatu nazungumza na mwenye nyumba." Kulia patakuwa na maneno kama "matokeo ya kipimo," au jina la marehemu.

Kujisalimisha kunahusu upande wa kulia. Upande wa kushoto unataka kazi. Mke anayepigwa na mumewe asiambiwe abebe msalaba wake. Aende kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), aende kituo cha polisi kwenye kitengo cha familia na watoto, apige 116 ambayo ni simu ya bure, au atafute msaada wa kisheria kwa FIDA, chama cha mawakili wanawake. Mtumishi wa ndani anayedai mishahara yake naye hana sababu ya kumwachia Mungu deni ambalo sheria inamruhusu kulidai. Mtu akikuhubiria unyenyekevu ilhali yeye ndiye anayekuumiza, mahubiri hayo yana faida kwake peke yake.

2. Yataje maumivu yako

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Bustanini, Yesu aliwaambia Petro, Yakobo na Yohana kwamba huzuni yake imefika kiasi cha kufa. Msalabani alisema ana kiu. Hakuona aibu.

Kampala ina shahidi wa jambo hili. Mathias Kalemba Mulumba alikuwa mtu mzima mwenye cheo, mmoja wa Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1886. Katika eneo ambalo leo ni Old Kampala, walimkata viungo na kumwacha afe polepole. Alikata roho tarehe 30 Mei, baada ya siku tatu hivi. Mapokeo yanasema watu waliopita karibu waliisikia sauti yake, naye akawaomba maji, lakini wakakimbia kwa hofu. Leo yumo katika orodha ya watakatifu, na kule kuomba maji hakukumpunguzia chochote.

Basi sema. Mwambie daktari panapouma, tangu lini, na usiku unalalaje. Usijibu "niko sawa, Mungu ni mwema" pale unapoulizwa na mtu aliyesomea kukusaidia. Mwambie mwenzi wako kwamba unaogopa. Kwa Mungu pia, usianze na lugha ya kanisani. Anza na jambo lenyewe: saratani, talaka, mtoto aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi na simu yake haipatikani.

3. Omba unachokitaka, kisha achia

Hapa ndipo wengi huruka hatua. Wanakimbilia sehemu ya mwisho ya sala ya Yesu, ile ya kuyakubali mapenzi ya Baba, na kuipita sehemu ya kwanza aliyoomba kikombe kimwondokee. Matokeo yake ni sala ya adabu isiyo na moyo ndani yake. Huwezi kuachia kitu ambacho hujakiri kwamba umekishika.

Fanya hivi. Tafuta mahali. Anayeishi kwenye chumba kimoja, kile Waganda wanachokiita muzigo, na watoto wanne ndani, hawezi kupata faragha nyumbani. Lakini hospitali za misheni zina vikanisa, na katikati ya jiji ibada za saa ya chakula cha mchana ni jambo la kawaida, unaweza kuingia na kukaa kiti cha nyuma. Kisha omba kwa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, sema unachokitaka bila kukipunguza. Ya pili, sema unachokiogopa. Ya tatu, kabidhi. Kwa mtu anayesubiri upasuaji, sala yaweza kuwa hivi:

"Baba, nataka kupona. Nataka kuwaona wanangu wakimaliza shule. Naogopa kufa na naogopa kuwaachia deni. Nakuomba uniponye. Lakini wewe ndiwe Baba. Ukiamua vingine, nishike nisije nikakuacha."

Sala hiyo haimalizi kazi kwa siku moja. Yesu mwenyewe alirudi mara tatu na ombi lile lile, na Luka anaeleza kwamba hata baada ya malaika kumtia nguvu alizidi kuomba, jasho likimtoka. Kwa hiyo usishangae ukikabidhi asubuhi na ifikapo jioni ukajikuta umeyabeba tena. Rudia. Wenye uzoefu huweka nyakati: asubuhi kabla ya kushika simu, adhuhuri, na usiku kabla ya taa kuzimwa.

4. Chagua watu watatu, uwape kazi

Yesu alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja bustanini, lakini aliwasogeza karibu watatu tu, na aliwaambia la kufanya: wakeshe pamoja naye. Huna haja ya kuutangazia ukoo wote na kila kundi la WhatsApp. Watatu wanatosha, ila wawe na kazi inayojulikana.

Katika hospitali za serikali hapa Uganda, ndugu wa mgonjwa ndiye anayemwogesha, kumlisha, kumfulia na kukimbilia vipimo. Waganda humwita omujjanjabi. Usiku utamkuta kwenye mkeka chini ya kitanda, chupa ya uji upande mmoja na mfuko wa karatasi za hospitali upande mwingine. Akiachiwa kazi hiyo peke yake kwa wiki tatu, huyo naye ataugua. Gawanyeni: mmoja alale hospitalini, mmoja alete chakula na kubadilishana naye, mmoja ashughulike na fedha na nyumbani. Na mmoja kati ya hao awe ndiye anayesali nawe kwa sauti, kwa maana zipo siku ambazo mgonjwa hana nguvu ya kufungua kinywa.

Wafia dini wa Namugongo, waliouawa nao kwa amri ya Mwanga, walijua thamani ya kuwa pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, mmoja wao, Karoli Lwanga, aliwabatiza vijana waliokuwa bado wanafundishwa dini, akiwemo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi, kwa sababu alijua kitakachokuja. Kisha walitembezwa hadi Namugongo na kuwekwa wamefungwa karibu wiki nzima kabla ya kuchomwa moto tarehe 3 Juni. Wiki hiyo waliipitisha wakisali na kutiana moyo. Wakatoliki kwa Waanglikana walikufa kwenye moto mmoja.

Tena ujue mapema: marafiki watasinzia. Petro, Yakobo na Yohana walisinzia mara tatu. Yesu aliwauliza, akawahurumia udhaifu wao, akaendelea kuwa nao. Rafiki akisahau kuja Jumanne, usimfute. Mpigie umwambie Alhamisi unamhitaji.

5. Pokea nafuu

Injili ya Marko inasema Yesu alipewa divai iliyotiwa manemane kabla ya kusulubiwa, akaikataa. Yohana anasema mwishoni alipewa siki katika sifongo, akaipokea. Wapo wanaoishika habari ya kwanza na kuisahau ya pili, wakamwambia mgonjwa kwamba dawa ya maumivu ni kukosa imani. Yesu alikuwa na kazi moja ya kukamilisha akiwa na akili timamu, na hakumwagiza mtu mwingine yeyote aumie kama yeye. Wagonjwa waliomjia aliwaponya, na yule Msamaria wa kwenye mfano wake alitia mafuta na divai kwenye vidonda.

Kampala ni mahali pazuri pa kulisemea hili. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, yenye makao yake Makindye, kwa ajili ya watu ambao saratani au UKIMWI ulikuwa umewafikisha mahali pa maumivu makali. Huko mofini ya unga huchanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa, na hutiwa rangi ili dawa za nguvu tofauti zisichanganywe. Mgonjwa huinywa nyumbani kwake kwa kipimo alichopewa na kwa saa alizopangiwa, hata kama hayuko karibu na hospitali. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika mofini, na serikali huitoa bila malipo. Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa anayelia usiku kucha, uliza wodini kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu. Usingoje wiki ya mwisho. Mtu asiyelala kwa maumivu hawezi hata kusali. Akipata nafuu, anapata nafasi ya kuzungumza na Mungu na watoto wake.

Jihadhari na mhubiri anayekuagiza utupe vidonge vya virusi vya UKIMWI, vya kisukari au vya shinikizo la damu kama ushahidi kwamba umemwamini Mungu. Omba uponyaji, endelea na dawa, rudi kupimwa. Uponyaji wa kweli hauogopi maabara.

6. Tengeneza mambo yako

Akiwa msalabani, Yesu alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na Yohana anaandika kwamba tangu saa ile mwanafunzi yule alimchukua nyumbani kwake. Kumwamini Mungu hakukumfanya aache kupanga mama yake atalala wapi.

Fanya vivyo hivyo ungali na nguvu. Andika wosia na uusaini mbele ya mashahidi wawili, watu wasio warithi wako. Weka pamoja karatasi za kibanja, risiti za ada ya shule, orodha ya unaowadai na wanaokudai. Mwambie mtu mmoja unayemwamini zilipo. Sema nani atakaa na watoto, na umwulize huyo mtu kama anakubali, badala ya kumtangaza kwenye matanga. Familia nyingi za mjini hupoteza nyumba mwezi mmoja baada ya mazishi kwa sababu marehemu aliona kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Ukishamaliza kazi hii, utaona sala ya kukabidhi imekuwa nyepesi, maana yamebaki yale ambayo kweli ni ya Mungu.

7. Sema kweli, usilipize

Kujisalimisha kwa Mungu si kusalimu amri kwa anayekuonea. Mtu aliyelionyesha hili vizuri hapa Kampala ni Janani Luwum, askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana aliyeshika wadhifa huo mwaka 1974, katikati ya utawala wa Idi Amin. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwake Namirembe wakidai wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulalamika juu ya uvamizi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Waliiandika kwa heshima na wakatia sahihi majina yao.

Tarehe 16 Februari aliitwa mjini. Angeweza kujaribu kutoroka, na wapo waliotaka afanye hivyo. Alikwenda. Siku hiyo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Mwili wake ulizikwa kijijini kwao Mucwini, Kitgum, mbali na kaburi lililokuwa limechimbwa kwa ajili yake Namirembe. Tangu 2015, tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko Uganda nzima.

Angalia mpangilio wake. Kwanza barua, kisha kuachia. Hakuchagua kimya wala bunduki. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia nchi baada ya mauaji hayo, aliandika kitabu kilichoitwa I Love Idi Amin, kueleza kwa nini Mkristo hana ruhusa ya kumchukia hata aliyemuulia rafiki. Mmoja alibaki, mwingine akakimbia, na wote wawili walikuwa mikononi mwa Mungu. Ndiyo maana hupaswi kumhukumu aliyechagua njia tofauti na yako.

Kwa mambo yako madogo zaidi, fuata njia ile ile. Andika malalamiko, taja tarehe na lililotendeka, yapeleke panapohusika, weka nakala. Kisha msamehe aliyekukosea mbele za Mungu, hata kama kesi inaendelea. Msamaha na haki vinaweza kutembea barabara moja.

8. Siku ukishindwa, azima maneno

Ipo siku sala haitoki. Yesu alipofika hapo msalabani, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, na akakata roho kwa maneno ya Zaburi ya 31. Aliyajua tangu utotoni, na saa ile yakamfaa. Ziweke karibu Zaburi ya 13, ya 22, ya 31 na ya 88. Hii ya mwisho inaisha gizani bila neno la faraja, na bado imo katika Biblia. Mwombe mtu akusomee moja kila jioni, kwa lugha unayoilia, iwe Kiswahili, Kiganda, Kiacholi au Kinyarwanda.

Lakini kama huzuni imekuondolea usingizi na chakula kwa wiki kadhaa, au umeanza kuwaza kujiua, hilo ni la kuambiwa daktari leo. Hospitali ya Butabika ipo kwa kazi hiyo, na hospitali kubwa nyingine zina kliniki za afya ya akili. Nabii Eliya alipoomba afe, Mungu alimletea kwanza usingizi, mkate na maji. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Neno kwa wanaotembelea wagonjwa

Pale Gethsemane, maneno ya kuyakubali mapenzi ya Mungu yalitoka kinywani mwa anayeumia. Petro hakumwambia Yesu kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Wewe uliyekuja na mfuko wa machungwa na afya yako, usiyaseme kwa niaba ya mgonjwa. Mwulize anataka umwombee nini, halafu omba hilo hilo alilosema. Akilia, mwache alie. Kabla hujaondoka, mpe omujjanjabi saa mbili akaoge na kulala, na uangalie kama amekula. Ukiweza, acha kitu cha nauli ya boda au cha kipimo kinachosubiri fedha.

Na wewe unayeumia, usisubiri uwe shujaa ndipo uanze. Chukua karatasi leo, chora ule mstari, na uanze kushughulikia upande wa kushoto. Wa kulia mpelekee Baba kwa maneno yako mwenyewe, na kesho umpelekee tena.